Gari la Qali Huugua Jumamosi

Munyao alikuja Garissa kwa msimu mmoja tu. Hayo ni maneno yake mwenyewe, na hata leo ukimkuta gerejini kwake, kando ya barabara ya Modika, atakwambia yuko mbioni kurudi Mwingi. Mkewe Katunge, ambaye kibanda chake cha chai na mboga kimeegemea mabati ya gereji hiyohiyo, humwacha aseme. Watoto wao wamezaliwa hapa, wamesoma hapa, na wanazungumza Kisomali kumshinda yeye. Kila Krismasi wakienda Ukambani, Munyao hushinda akilalamika kwamba chai ya huko haina hiliki. Sasa huo ni msimu gani usiokwisha?

Ni mtu mfupi, mcheshi, mwenye kitambi kidogo anachodai kinamsaidia kuegemea injini. Zamani alitibu magari kwa sikio. Aliweka ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini akautia sikioni, akafumba macho, kisha akatangaza ugonjwa. Lakini kabla ya bisibisi kulikuwa na habari, na hilo alifundishwa na wenyeji. Msomali wa Garissa haanzi jambo bila habari. Hata kama gari linatoka moshi nyuma yake, kwanza mtaulizana: warran? Lete habari. Habari za nyumbani, za mvua, za mifugo, za njia uliyopita na nani umekutana naye huko. Munyao alipofika aliona huko ni kupoteza mchana. Baadaye akagundua kwamba ukimwacha mtu amalize habari zake zote, ugonjwa wa gari hujitaja wenyewe humo katikati, baina ya bei ya mbuzi na harusi ya binamu. Tangu hapo akawa bingwa wa kusikiliza. Alimmiminia mtu chai, akamwacha aseme, na gari likapona.

Kisha akanunua mashine.

Alikuwa ameidunduliza akiba yake kimyakimya, akapanda basi hadi Nairobi, akarudi na kisanduku amekikumbatia njia nzima. Ndani mlikuwa na kidude cha kuchomekwa chini ya usukani na kioo cha kushika mkononi. Ukishachomeka, gari linajieleza: joto lake, pumzi yake, mafuta yake, na kama lina maradhi, namba ya maradhi inatokea kwenye kioo. Katunge alikigeuzageuza, akauliza kama kinapiga simu. Alipoambiwa hakipigi, akauliza kama kinaimba. Alipoambiwa hakiimbi, akarudi kukatakata sukuma wiki yake.

Mji, lakini, ulifurahi. Kipya kinyemi ingawa kidonda, sembuse kipya chenye taa. Watu walileta magari mazima kabisa, wakitaka tu yapimwe, kama wanavyopimwa wao presha. Mzee mmoja alileta mkokoteni wa punda, akitaka kujua kwa nini unavuta kushoto. Munyao akamshauri kwa heshima amuulize punda. Wakaanza kumwita Daktari. Naye, badala ya kukataa, akanunua koti jeupe, ambalo lilibaki jeupe mpaka gari la kwanza la asubuhi.

Mimi sina ugomvi na mashine. Inasema kweli. Ila ilimvimbisha kichwa mwenzetu. Aliacha kuuliza habari. Mteja akianza, "Haye, fundi, jana tulipotoka Dadaab..." Munyao alishachomeka, alishasoma, na alishafungua boneti. "Ngoja, ngoja, mashine itaniambia." Watu wakabaki na habari zao mdomoni. Chai ya Katunge ikaanza kulala kwenye birika, na hapo ndipo Katunge alipoichukia mashine rasmi.

Sasa, Qali.

Qali ni mjane, mwuza maziwa ya ngamia pale sokoni Suq Mugdi. Ana sauti kubwa na kicheko kikubwa zaidi. Kila siku ya kazi kabla jua halijakaza huenda hadi kwa wafugaji, mbali na lami, akajaza mitungi yake, na kuirudisha mjini kabla maziwa hayajachacha. Kwa miaka mingi alifanya hivyo kwa magari ya watu. Alisubiri mpaka mwenye gari aamke, mpaka anywe chai, mpaka abebe mbuzi wa shemeji yake kwanza. Maziwa mangapi alimwaga kwa sababu ya usingizi wa mwingine, ni yeye na Mola wake wanaojua. Basi alipojinunulia pikapu yake nyeupe ya dabo kebini, kwa jasho lake, hakununua gari tu. Alinunua asubuhi yake.

Kaka yake mkubwa, Abdiwahab, mfanyabiashara wa mifugo, ndiye aliyemsindikiza kwenda kulichukua. Alizungumza na wauzaji, alipiga teke magurudumu, na tangu siku ile akalihesabu gari lile kama ngamia aliyezaliwa zizini kwake. Si mtu mbaya. Ni kaka mkubwa tu, na hao tunawajua.

Jumamosi ya kwanza Qali aliingia gerejini gari likijivuta kama linapanda mlima, na Garissa yote hakuna mlima.

"Fundi, gari yangu imekosa nguvu. Nakanyaga mafuta, yeye anakohoa tu. Wallahi jana alikuwa mzima, jana nimekuwa..."

"Mashine itaniambia, mama," Munyao akamkatiza, akachomeka.

Mashine ikataja maradhi: kile kidude cha kupima hewa inayoingia injini hakisomi sawasawa. Ndani yake mna kiwaya chembamba kama unywele. Kikidanganya kuhusu hewa, injini inapewa mafuta yasiyotosha na nguvu zinaisha. Munyao akakichomoa, akakifuta, akakirudisha, akaifuta namba kwenye kioo. Gari likanguruma. Akapiga kifua mbele ya kila aliyekuwa anapita.

Jumamosi iliyofuata Qali akarudi na kikohozi kilekile. Safari hii Munyao hakufuta, alibadilisha kidude kizima. Gari likanguruma tena, naye akapiga kifua tena, kwa sauti zaidi.

Jumamosi ya tatu Qali hakushuka akicheka. Abdiwahab alikuwa amekaa kando yake, fimbo mkononi, ndevu zake za hina zimechanwa vizuri kama za mtu anayekwenda kwenye biashara. Katunge alilitazama gari lile likiingia kwa kukwamakwama, akasema bila kuinua kichwa kutoka kwenye vitunguu:

"Hii gari ni ya Kisabato? Kila Jumamosi inapumzika."

Munyao hakucheka.

"Waryaa, Munyao," Abdiwahab akasema. "Hii mashine yako ni daktari ama ni mganga? Kila wiki anasema dawa, kila wiki mgonjwa anarudi."

"Mzee Abdiwahab, nipe nafasi kidogo..."

"Nafasi imekwisha. Iko mtu wa Griftu, anaitwa Gelle. Anakuja baada ya swala ya adhuhuri. Ananunua gari hivihivi, na kikohozi yake. Leo maziwa imeharibika njiani, mitungi yote. Gari ya kulala barabarani ni ya nini?"

Munyao akamtazama Qali. Mwanamke ambaye kicheko chake kilisikika kabla yake sokoni alikuwa amekaza macho kwenye usukani.

"Aboowe," akamwambia kaka yake polepole, "mpaka Gelle afike. Nipe mpaka hapo tu."

Abdiwahab akatazama jua, akatazama fimbo yake. "Mpaka afike," akasema, akaenda kuketi kwa Katunge.

Munyao akachomeka. Mashine ikasema yaleyale: hewa, kidude cha hewa. Akachomoa, akachomeka tena, kama mtu anayerudia kufungua sufuria akitumaini nyama imeongezeka. Yaleyale. Aibu ikampanda. Kidude ni kipya! Alikinunua yeye, alikifunga yeye! Akajiona amesimama na koti lake lililochafuka, na mama wa watu anakwenda kunyang'anywa asubuhi zake kwa sababu yeye, Daktari, anasoma namba.

Katunge akaja na birika na vikombe viwili, akaviweka juu ya tangi kuukuu la mafuta.

"Mashine imekwambia gari linaumwa wapi," akamwambia mumewe kwa Kikamba, kwa sauti ya chini ili asimwaibishe. "Haijakwambia limekula nini. Si uulize mwenyewe? Kuuliza si ujinga."

Kuna wakati mume mwenye akili hujibu, na kuna wakati mume mwenye akili huketi. Munyao aliketi. Akavua koti. Akammiminia Qali chai.

"Mama," akasema, "warran? Lete habari. Zote. Anza Jumapili."

Qali akamtazama kama mtu aliyesahauliwa mvuani na sasa amefunguliwa mlango. Kisha akaanza. Jumapili alikwenda kwa wafugaji wa upande wa Shimbirey, gari zima. Jumatatu mzima, ila dume mmoja wa ngamia alikataa kupisha barabarani. Jumanne alimpeleka binti wa jirani hospitali, akajifungua salama, mtoto wa kiume. Jumatano kulikuwa na vumbi jingi. Alhamisi mtungi mmoja ulipasuka ndani ya gari, maziwa yakamwagika hadi chini ya viti, na joto hili, lahaula, harufu gani ile!

"Na Ijumaa?" Munyao akauliza.

"Ijumaa siendi. Ijumaa namwosha."

"Unamwosha vipi?"

"Namwosha na maji, na sabuni. Halafu namfukiza." Uso wake ukachangamka kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Uunsi, fundi. Si ile ya sokoni, hapana. Napika mimi mwenyewe, na sukari, na udi, na marashi ya Jidda. Naweka dabqaad ndani, nafunga mlango, mpaka harufu ya maziwa ikimbie."

Munyao alizijua dabqaad, vile vyetezo vya udongo vinavyofuka katika kila nyumba ya mji huu jioni. Hata hakuwa anasikia tena harufu yake, ndiyo maana hakuwahi kushangaa gari la maziwa kunukia kama bibi harusi. Lakini uunsi ndani ya gari haufiki kwenye injini. Akakuna kichwa.

"Ndani tu?"

"Mwanzo ndani tu. Lakini huu mwezi nikaona, harufu ya maziwa inarudi na ile upepo ya feni ya mbele. Nikasema basi iko ndani ya tumbo yake. Nikafungua boneti, nikamwasha, nikaweka dabqaad hapo karibu na pua, pale anavuta pumzi." Akacheka, akafumba mdomo kwa ncha ya shashi yake ya kichwani. "Wallahi, fundi, anavuta! Moshi yote anavuta yeye mwenyewe. Nikasema, maskini, anapenda. Nikamwongezea."

Munyao akaweka kikombe chini. Alikwenda kwenye gari kwa mwendo ambao kitambi chake hakijauona kwa miaka. Akafungua kisanduku cha kichungi cha hewa. Zile Jumamosi mbili hakukigusa, maana mashine haikukitaja. Kichungi kilitoka rangi ya kahawia, kinanata kama halua. Akachomoa kidude cha hewa, kile kipya, akakiinamisha kwenye jua. Kiwaya chembamba kilikuwa kimevaa utando wa kung'aa. Akaupitishia kidole, akanusa. Kisha, kwa kuwa fundi wa kweli hana aibu, akauramba.

"Tamu," akasema.

Katunge akasogea, akanusa naye. "Hii ni harusi kabisa," akatangaza.

Kikulacho ki nguoni mwako. Qali alikuwa amesimama nyuma yao, na hakuhitaji kuelezwa. Mkono wake ulikwenda kifuani.

"Ni mimi," akasema. "Ni mimi nilikuwa namziba pumzi."

Munyao alitamani kumfariji, na pia alitamani kujizaba kofi, maana Jumamosi ya kwanza mama huyu alikuwa anaanza kusema "jana nimekuwa..." naye akamkatiza. Jana ilikuwa Ijumaa. Dawa ilikuwa imefika gerejini kwa miguu yake, akaifungia mlango.

"Si wewe peke yako, mama," akamwambia. "Wewe ulimfukiza, mimi nilikataa kusikia. Nisamehe."

Sasa kulikuwa na jambo moja zito: Abdiwahab. Alikuwa ameshanusa kwamba kuna habari, akaja na fimbo yake. Munyao akaanza kutafuta namna ya kusema bila kusema, kwamba vumbi, unajua, na hali ya hewa ya huku, mzee... Lakini Qali akamwaga mtama mwenyewe.

"Aboowe, ni uunsi yangu. Nilikuwa nafukiza injini."

Abdiwahab akamtazama dada yake, akatazama kichungi, akamtazama dada yake tena. "Injini," akasema. "Injini alikuwa anaolewa?"

Katunge aligeukia vitunguu vyake, mabega yakimtikisika.

"Basi ni vizuri Gelle anakuja," Abdiwahab akaendelea, akijikaza. "Gari iko na adui ndani ya nyumba yake mwenyewe. Uza, abaayo, upumzike."

Hapo Qali akanyooka. Munyao anasema hajawahi kumwona mrefu namna ile.

"Wewe ni mtu ya ngamia," akamwambia kaka yake. "Ngamia yako akiumwa mwezi mzima, huli, hulali, hujui ni nini. Siku unajua ugonjwa, na dawa iko mkononi, na dawa ni rahisi, ni kuacha tu. Siku hiyo unampeleka sokoni?"

Mtu mmoja tu angeweza kumjibu hoja ile, na mtu huyo ni mpumbavu, naye Abdiwahab hakuwa mpumbavu. Akaligeukia gari.

"Tengeneza," akamwambia Munyao. "Lakini mimi nitaona na macho yangu."

Munyao akafanya kazi kama mtu anayelipa nadhiri. Alikipulizia kile kiwaya dawa ya kusafishia vitu vya umeme mpaka utando wote ukatoka, akangoja kikauke, hakukigusa hata kwa kucha. Akaosha kisanduku. Akafunga kichungi kipya. Kidude cha mashine akakiacha kimechomekwa chini ya usukani, na yeye akapanda kiti cha nyuma na kioo mkononi. Abdiwahab akanyoosha mkono kwenye mlango wa dereva.

"Ni mimi nabeba maziwa," Qali akasema, "ni mimi naendesha." Akawa ameshaketi.

Wakatoka kwenda Modika. Kwenye lami gari lilikwenda vizuri, lakini lami haimjaribu mtu. Qali akakata kuingia njia ya mchanga, ileile ambayo asubuhi ilikuwa imemlaza. Akakanyaga mafuta. Gari halikukohoa. Liliinama kidogo nyuma, likachukua pumzi moja kubwa, likaondoka. Munyao akatazama namba za hewa zikipanda kwenye kioo, nyingi, safi, akajikuta anapiga kelele: "Inavuta! Mama, inavuta!"

"Anavuta!" Qali akapiga kelele naye, kicheko chake kikirudi chote kwa mpigo.

"Polepole, abaayo!" Abdiwahab alikuwa ameshika mpini wa juu kwa mikono miwili, fimbo imeanguka miguuni. "Tuko na watoto nyumbani! Bismillahi! Iko mbuzi! Iko mbuzi mbele!"

Mbuzi walinusurika. Aliyeumia ni kofia ya Abdiwahab tu, iliyoruka dirishani, ikabidi warudi kuiokota.

Waliporejea gerejini, Gelle wa Griftu alikuwa tayari amekaa, amevuka mguu juu ya mguu, anakunywa chai ya Katunge na kuisifu. Alikuwa amesikia mngurumo kutoka mbali. Akalizunguka gari, akaomba liwashwe, akasikiliza huku ameinamisha kichwa. Alikuja kununua mgonjwa, na sasa mbele yake amesimama mzima. Mfanyabiashara mwingine angelificha hilo. Gelle alikuwa mkweli, au labda alilitamani gari mno. Akamshika Abdiwahab mkono, akataja bei waliyosemezana asubuhi kwa simu, na bila kuombwa akaongeza. Abdiwahab akatazama gari. Gelle akaongeza tena.

Watu waliokuwa wakipita walisimama. Munyao alimjua Abdiwahab tangu ujana wao hapa, na hajawahi kumwona akiacha bei nzuri ipite bila kuidaka. Midomo ya mzee ilikuwa inacheza. Mkono wake bado ulikuwa ndani ya mkono wa Gelle. Qali alisimama kando ya gari lake, na kwa mara ya kwanza Munyao akaona jinsi alivyochoka.

Abdiwahab akautoa mkono wake.

"Gelle, mimi sina gari ya kuuza," akasema. "Nilisahau tu. Mwenye gari ni huyu dada yangu. Uliza yeye."

Gelle akashangaa, akarekebisha shuka yake, akageuka. "Haye. Mama, unauza?"

Qali akaweka mkono juu ya boneti.

"Siuzi."

Akafuta macho kwa ncha ya shashi, akapanda garini na kuwasha, maana huko porini ngamia wa jioni walikuwa karibu kukamuliwa, naye alikuwa na maziwa ya asubuhi ya kufidia. Kaka yake akaokota mitungi mitupu iliyokuwa imeshushwa asubuhi, akampakilia nyuma mmoja baada ya mwingine, kisha akasogea kando kumpisha.